Kufunga swichi ya kuficha ishara ya breki kwa gari la mbio za dragi

Gari la giaboksi ya otomatiki linapopangwa kwenye mstari wa kuanzia mbio za dragi, yaani mbio fupi za kwenda moja kwa moja, dereva hukanyaga breki kwa mguu wa kushoto na kupandisha mafuta taratibu kwa mguu wa kulia, ili injini iwe tayari na nguvu kabla taa ya kijani haijawaka. Katika magari ya zamani, ambayo pedali ya mafuta iliunganishwa kwa kebo na throto (mlango unaoingiza hewa kwenye injini), hapakuwa na kizuizi chochote isipokuwa uwezo wa breki zenyewe. Katika magari ya sasa, ambayo throto yake hufunguliwa na mota ya umeme kwa amri ya kompyuta, dereva huweza kuona mshale wa mizunguko ukipanda kidogo, ukisita, kisha ukianguka ghafla huku mguu wake ukiwa bado umekandamiza mafuta. Wengi hudhani pampu ya mafuta imechoka au sensa imekufa, na wapo walionunua vipuri bila sababu. Injini haina ugonjwa wowote. Kompyuta imeona pedali mbili zimekanyagwa kwa pamoja, nayo imefundishwa kuamini breki na kuyapuuza mafuta.

Inafaa kujua mfumo huu ulitoka wapi, kwa sababu anayejua kazi yake hataukata ovyo. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na mji wa Santee katika jimbo la California, watu wanne wa gari moja aina ya Lexus ES 350 walifariki baada ya pedali ya mafuta kunaswa na zulia la sakafuni na gari kushindwa kusimama. Baada ya ajali hiyo na wito mkubwa wa kurejesha magari uliofuata, Toyota iliamua kuweka katika magari yake mapya ya soko la Marekani programu inayopunguza nguvu za injini pale breki na mafuta vinapokanyagwa pamoja. Nissan na watengenezaji wa Ujerumani walikuwa wameanza kabla. Kwa hiyo kile unachotaka kukizima kwa sekunde chache kwenye mstari ni kinga iliyowekwa kwa sababu ya vifo, na barabarani hakuna hali hata moja ambayo dereva atafaidika kwa kutokuwa nayo. Maelekezo haya yote ni kwa ajili ya uwanja uliofungwa, wenye waamuzi na gari la wagonjwa, na swichi nitakayoieleza imepangwa hivi kwamba ikiharibika, au kidole kikitoka juu yake, gari linarudi kuwa kama lilivyotoka kiwandani.

Jambo la kwanza kabla ya kushika koleo ni kuhakikisha kwamba gari lako linaihitaji swichi hii kweli. Kila mtengenezaji ameweka masharti yake: mifumo mingine hufanya kazi gari likiwa katika mwendo tu, mingine huangalia ni pedali ipi iliyokanyagwa kwanza, na mingine hukata nguvu hata gari likiwa limesimama. Tafuta sehemu tambarare isiyo na watu mbele wala nyuma, weka kabari kwenye magurudumu, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya D, kisha pandisha mafuta pole pole bila kuzidi sekunde tatu au nne. Mizunguko ikifika mahali ikatulia, kwa magari mengi ya kawaida kati ya 2000 na 2800 kwa dakika, hapo ni mwisho wa tokikonveta yako, yaani lile bakuli la mafuta linalounganisha injini na giaboksi, na hakuna swichi itakayoongeza kitu. Mizunguko ikipanda kisha ikaporomoka yenyewe, hapo ndipo kompyuta imeingilia kati. Unganisha pia mashine ya kusoma kompyuta na utazame kipimo cha ufunguzi wa throto sambamba na kipimo cha pedali ya mafuta: pedali ikionyesha asilimia 60 na throto ikajifunga hadi asilimia 10, jibu umelipata.

Mashine hiyohiyo itakuambia kama njia ya nyaya itafaa. Katika magari mengi mapya, habari za breki haziifikii kompyuta ya injini kupitia waya wake peke yake, bali hupita kwenye nyaya mbili za mawasiliano zinazounganisha kompyuta zote za gari, zikitoka kwenye kompyuta ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kugandamana breki ikikanyagwa) iliyopima mgandamizo wa mafuta ya breki. Gari la namna hiyo haliwezi kudanganywa kwa rilei (swichi inayovutwa na koili yake inapopata umeme), na anayekata nyaya za mawasiliano atapata dashibodi iliyojaa taa za onyo na usukani mzito. Hapo acha. Tafuta mtaalamu wa kubadilisha programu ya injini, au uanze mbio zako bila kupandisha mizunguko. Nitakayoyaeleza kuanzia sasa yanahusu mpangilio ninaoujua vizuri, ule wa Toyota nyingi zenye swichi ya breki ya pini nne, ambao pia hufanana na wa magari mengine kadhaa ya Kijapani.

Swichi ya breki imekaa juu ya mkono wa pedali, chini ya usukani. Ndani yake mna swichi mbili zinazofanya kazi kinyume. Ya kwanza iko wazi pedali ikiwa huru na hujifunga pedali ikikanyagwa. Hiyo ndiyo hupeleka umeme kwenye taa za nyuma, na tawi lake moja hufika kwenye kompyuta ya injini kwenye pini inayoandikwa STP katika michoro ya Toyota. Ya pili imefungwa pedali ikiwa huru na hufunguka pedali ikikanyagwa. Hiyo hufika kwenye pini inayoandikwa ST1-. Kwa hiyo pedali ikiwa huru, STP husoma chini ya volti 1.5 na ST1- husoma kati ya volti 7.5 na 14. Pedali ikikanyagwa, vipimo hivyo hubadilishana. Kompyuta hulinganisha zote mbili kila wakati, na zikisema maneno tofauti, tuseme ya kwanza ikidai breki imekanyagwa na ya pili ikikana, huandika msimbo P0504 na kuwasha taa ya injini. Hapa ndipo mafundi wengi wanaposhindwa: wanakata waya mmoja, gari linaondoka vizuri mara mbili tatu, kisha taa inawaka na kompyuta inaanza kujihami. Kompyuta inapaswa kuambiwa habari moja iliyo kamili, kwamba pedali iko huru, kwa nyaya zote mbili kwa pamoja.

Usitambue nyaya hizo kwa rangi. Rangi hubadilika kutoka modeli hadi modeli, na magari yaliyotumika huwa yamepita mikononi mwa mafundi wengi. Tumia multimita, yaani kifaa cha kupimia volti. Ukiwa umetoa ufunguo, choma ncha ya kipimo nyuma ya soketi ya swichi ya breki: pini moja itakuwa na volti 12 daima, kwa sababu taa za breki hulishwa moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi ya STOP, na pini ya pili itapata volti 12 pale tu unapokanyaga pedali. Huo wa pili ndio waya wa STP. Washa ufunguo bila kuwasha injini: sasa pini mbili zilizobaki zitaonyesha volti 12 zote, na ukikanyaga pedali mmoja utabaki na umeme na mwingine utaupoteza. Unaobaki na umeme ni waya wa kuleta, unaoupoteza ni ST1-. Andika kila kimoja kwenye kipande cha tepu ya karatasi na ukigandishe kwenye waya wake, kwa sababu baada ya nusu saa ya kulala kichwa chini chini ya dashibodi nyaya zote huanza kufanana.

Niliwahi kuletewa gari ambalo dereva wake alilalamika kwamba taa za breki zinawaka zinapotaka. Nilipolala chini ya usukani nilikuta swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima, ya aina inayofungwa kwenye taa za ukungu, imeunganishwa kwenye waya wa STP pale pale kwenye soketi ya pedali. Maungio yalikuwa yamesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Joto lilikuwa limeiyeyusha gundi, tepu imejivua kama ganda la ndizi, na shaba iliyokuwa wazi imeota ukungu wa kijani. Aliyeifunga alikata waya kabla haujagawanyika, kwa hiyo kila alipoficha breki kwa kompyuta aliificha pia kwa ABS na kwa dereva wa nyuma yake. Siku moja dereva alimaliza kukimbia, akasahau swichi, akarudi kwa njia ya kurejea akifuatwa na gari jingine, na aliposimama taa hazikuwaka. Gari la nyuma lilisimama likiwa limebakiza upana wa kiganja. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku ile sikubali kufunga swichi ya aina inayobaki ilipoachwa, na sikubali kukata waya huo popote isipokuwa karibu kabisa na kompyuta ya injini.

Kwa hiyo mahali pa kukata STP ni sentimita 15 hivi kabla ya soketi ya kompyuta ya injini, ambayo kwa Toyota nyingi huwa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria na kwa nyingine huwa upande wa injini. Hapo waya ni wa kompyuta hiyo peke yake. Matawi ya taa, ya ABS, ya kufuli la kutoa gia kwenye P na ya kitufe cha kuwashia gari yameshaachana nao. Tafuta pini hiyo kwa mchoro wa gari lako, kisha uthibitishe kwa multimita kwamba inapata umeme pedali inapokanyagwa. Waya wa ST1- haukatwi kabisa. Huo utaungiwa pembeni tu.

Vifaa si vingi. Utahitaji rilei mbili za pini tano za volti 12, zile zenye namba 30, 85, 86, 87 na 87a, pamoja na soketi zake; kishikio cha fyuzi na fyuzi ya ampea 3; swichi kuu yenye kifuniko na taa ndogo ya onyo; kitufe cha kubonyeza kinachorudi chenyewe kinapoachwa; rizista (kipunguza umeme) moja ya omu 1000; dayodi (kipitisha umeme upande mmoja tu) mbili za 1N4007; waya wa milimita za mraba 0.75, risasi ya kulehemu, na mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto. Baadhi ya rilei huwa na rizista au dayodi ndani yake, na mchoro mdogo ubavuni huionyesha. Zilizo na dayodi ndani zina upande wa chanya na hasi, hivyo zisome kabla ya kuziunga.

Kabla ya kugusa nyaya toa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, muda ambao Toyota huutaja kwa ajili ya mifuko ya hewa kupoteza chaji yake. Nyaya zenye ganda la manjano chini ya usukani ni za mifuko hiyo. Usizipime, usizisogeze, usifunge kitu juu yake.

Rilei ya kwanza ni ya STP. Kata waya, na upande unaoelekea kwenye kompyuta uuunge kwenye namba 30. Upande unaotoka kwenye pedali uuunge kwenye 87a. Kwenye 87 weka rizista ya omu 1000, na mwisho wake wa pili uufunge kwenye bodi ya gari. Rilei ikiwa imelala, 30 na 87a zimegusana na waya ni kama haukukatwa. Rilei ikiamka, kompyuta inaachana na pedali na kushikizwa kwenye hasi kupitia rizista, ili waya usibaki ukielea bila umeme wala hasi na kuokota mawimbi kutoka kwenye koili za plagi.

Rilei ya pili ni ya ST1-. Kwenye soketi ya swichi ya breki, ungia waya kutoka kwenye ule unaoleta umeme wa ufunguo na uupeleke namba 30, kisha ungia waya mwingine kwenye ST1- na uupeleke namba 87. Namba 87a uiache tupu na uivalishe mrija. Rilei ikilala haifanyi lolote. Ikiamka inaziba pengo ambalo pedali imelifungua, na kompyuta inaendelea kuona volti 12. Umeme huo uchukuliwe pale pale kwenye soketi ya pedali, wala usichukuliwe kwenye fyuzi nyingine iliyo karibu, ili chanzo kibaki kile kile alichokikusudia mtengenezaji na fyuzi yake iendelee kuulinda.

Sasa tunafika kwenye koili za rilei, na hapa naomba msomaji asome pole pole, kwa sababu ndipo usalama wa kazi nzima ulipo. Fundi aliyezoea kufunga honi atapenda kupeleka chanya moja kwa moja kwenye koili na kukiweka kitufe upande wa hasi, kwa kuwa waya mmoja tu utapanda kwenye usukani na mwisho wake utagusa bodi. Kazi itafanyika, lakini fikiria siku waya huo utakapochubuka kwenye shina la usukani na kugusa chuma. Bodi ya gari ni hasi, kwa hiyo rilei zitaamka zenyewe na kubaki macho, breki itafichwa kwa kompyuta muda wote, na dereva hatajua. Geuza mpangilio. Chukua chanya kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa, pitisha kwenye fyuzi yako ya ampea 3, kisha kwenye swichi kuu, kisha kwenye kitufe, ndipo ufike kwenye namba 86 za rilei zote mbili. Namba 85 zote mbili zifungwe kwenye bodi. Koili mbili hula umeme mdogo, karibu ampea 0.3 kwa jumla, hivyo kitufe kidogo kinamudu. Waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi inakatika, rilei zinalala na gari linarudi katika hali yake ya kiwandani. Kosa lile lile la waya uliochubuka huleta hatari katika mpangilio wa kwanza na huleta fyuzi iliyokatika tu katika huu wa pili.

Dayodi zikae sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea kwenye 86. Kazi yake ni kumeza umeme mkali unaorudi koili inapoachwa. Bila hizo, miguso ya kitufe hubabuka kidogo kidogo mpaka siku moja ikagandana, na kitufe kilichogandana ni sawa na swichi isiyorudi. Ukiziweka kinyume fyuzi itakatika mara ya kwanza unapobonyeza, jambo ambalo si baya kwa kuwa linakuambia kosa mapema.

Kuhusu maungio, sitaki kusikia habari za kusokota na tepu. Vua ganda la waya sentimita moja, valisha mrija wa kusinyaa kabla ya kuunga, kunja nyuzi ziingiane, lehemu mpaka risasi inywewe ndani ya shaba badala ya kukaa juu yake kama tone la nta, kisha rudisha mrija na uupashe joto ukumbatie. Pale unapoungia pembeni bila kukata, fungua ganda kwa upana wa milimita tano tu, zungushia waya mpya mara tatu nne na ulehemu. Kila ungio lifungwe kwenye mkono wa nyaya ulio karibu ili mtetemo usilivute, kwa kuwa waya uliolehemiwa huvunjika pale risasi inapoishia. Rilei zifungwe kwa skrubu mahali pakavu, soketi zikitazama chini, mbali na mikono ya pedali. Baada ya kumaliza, kanyaga pedali zote mpaka mwisho na uzungushe usukani pande zote mbili ukiwa na tochi, uone kama kuna waya unaoguswa.

Kitufe chenyewe kiwekwe mahali ambapo kidole gumba kinakifikia bila mkono kuachia usukani. Wengine hukipenda kwenye kiwiko cha gia. Mimi sikipendi huko, kwa sababu katika sekunde ya kwanza ya mbio mikono yote miwili inapaswa kuwa kwenye usukani.

Rudisha betri na uanze kupima injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa. Mwenzako asimame nyuma ya gari. Kanyaga breki bila kubonyeza kitufe: taa za nyuma ziwake, na mashine ya kusoma kompyuta ionyeshe breki imekanyagwa. Ukiwa bado umekanyaga, washa swichi kuu na ubonyeze kitufe: taa za nyuma ziendelee kuwaka zote, pamoja na ile ya juu, huku mashine ikionyesha breki iko huru. Taa zikizimika hata moja, umekata mahali pasipo, na kazi irudiwe. Kisha, ukiwa umeshikilia kitufe na pedali, mwenzako achomoe fyuzi ya ampea 3. Papo hapo mashine irudi kusema breki imekanyagwa. Jaribio hili la mwisho ndilo ninaloliona kuwa kipimo halisi cha kazi, na ningependa lirudiwe kila asubuhi ya mashindano. Rudia kubonyeza na kuachia mara ishirini, washa injini, soma tena misimbo. P0504 ikitokea, moja ya rilei haifanyi kazi yake au umeunga ST1- kwenye pini isiyo yake.

Uwanjani, swichi ina adabu yake ya matumizi. Swichi kuu ibaki imezimwa wakati wa kupasha matairi joto na kusogea. Unapofika kwenye miali ya kujipangia, ile ya mwanga inayopita mstarini, na taa mbili za juu za mti (nguzo ya taa za kuanzishia mbio) zimewaka, ndipo unapoiwasha. Kanyaga breki, bonyeza kitufe, pandisha mafuta hadi mizunguko uliyoichagua. Mti wa kawaida huwasha taa za njano moja baada ya nyingine kwa kupishana sekunde 0.5, na ule wa wataalamu huziwasha zote tatu kwa pamoja, kisha kijani baada ya sekunde 0.4, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanza kubana injini mapema. Wakati wa kuondoka mguu wa breki utangulie kutoka, kidole gumba kifuate. Ukitangulia kuachia kitufe, hata kwa muda wa kupepesa jicho, kompyuta itaona breki na mafuta pamoja, itafunga throto, na gari litazubaa mstarini. Fanyia mazoezi mfuatano huo injini ikiwa imezimwa mpaka mguu na kidole vifuatane bila kufikiria.

Muda wa kubana injini usizidi sekunde tano. Hicho ndicho kikomo ambacho vitabu vya Toyota hukiweka kwa kipimo cha namna hii katika karakana, na sababu yake ni kwamba nguvu zote za injini zisizosukuma magurudumu hugeuka joto ndani ya mafuta ya tokikonveta. Baada ya kila mbio weka gia ya N au P na uiache injini ipumue dakika mbili ili mafuta yazunguke kwenye rejeta. Mafuta ya giaboksi yakianza kubadilika kutoka wekundu kwenda kahawia na kunuka kama kitu kilichoungua, punguza mizunguko ya kuondokea kabla hujaanza kulaumu swichi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo ni la breki zenyewe. Msaada wa pedali hutokana na mvuto wa hewa kwenye manifoldi (mirija ya kuingizia hewa kwenye injini), na throto ikifunguliwa mvuto huo hupungua. Kwa injini ya tabo iliyokwisha kujaza hewa, haupo kabisa. Kinachobaki ni akiba iliyomo kwenye buste, yaani kile kiongeza nguvu cha pedali ya breki, ambayo hutosha kukanyaga mara moja au mbili. Kanyaga kwa nguvu mara moja na ushikilie, usipige pedali mara kwa mara, na gari likianza kujisukuma mbele achia mafuta. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, breki za nyuma kwa kawaida ni dhaifu kuliko za mbele, hivyo matairi ya nyuma yataanza kuteleza kabla mizunguko haijafika unapotaka. Hapo si suala la umeme tena. Kikomo hicho ni cha gari, na kuongeza mafuta juu yake ni kuchoma tairi na kuchelewa.

Mbio zikiisha, chomoa fyuzi ya ampea 3 kabla hujatoka getini na uiweke kwenye sanduku la vifaa badala ya kuiacha kwenye droo ya gari, kwa kuwa gari lililobadilishwa mfumo wa breki linaweza kukukosesha bima siku ya ajali, na kwa kuwa mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuliendesha kesho. Bandika karatasi ndogo ndani ya kifuniko cha fyuzi, ukiandika kwamba waya wa STP umepitishwa kwenye rilei na rilei hiyo ilipo, ili fundi atakayefuata asihangaike. Siku ya kuliuza gari, ondoa rilei zote mbili, lehemu ncha mbili za STP pamoja, toa maungio ya pembeni kwenye soketi ya pedali na kuyaziba, halafu urudie kipimo cha kwanza kabisa: kanyaga breki, tazama taa, tazama mashine.